Kipimo Kilichonyamazia Makofi

Kazini walimwita Rula, kwa sababu hakuweza kuona vitufe viwili vimekaa kwenye skrini bila kupima nafasi iliyo kati yao. Alikuwa na miaka ishirini na minne, katoka chuoni mwaka juzi, na bado alikuwa na ile imani ya watu waliotoka chuoni juzi, kwamba kitu kikichorwa vizuri kitampa anayekitumia siku njema. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo: watu kumi na mmoja, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi za nyumba, wakitengeneza programu ya kurekodia muziki. Kukiwa na joto, harufu ya rangi ilipanda kwenye ngazi na kuingia ofisini bila kubisha hodi.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kipimo cha sauti. Ni ule mnara mwembamba wa mwanga unaopanda na kushuka pembeni ya skrini mtu anapoimba. Ukibaki chini, sauti ni hafifu. Ukigusa juu kabisa, sauti imezidi uwezo wa mashine, na kinachorekodiwa hapo hupasuka na kukwaruza, na hakuna dawa ya kukirudisha. Kipimo cha zamani kilikuwa kinaruka kama kimeingiwa na wazimu, na kila sauti ilipozidi, taa nyekundu iliwaka kileleni ikabaki inawaka hadi mtu aibonyeze kuizima. Rula alikiona kikali. Aliwauliza watumiaji kumi na wawili, na tisa kati yao wakamwambia kwamba ile taa inawatia wasiwasi, wanajiona kama watoto wanaokemewa mbele ya darasa. Moyo wake laini ukayeyuka papo hapo.

Akachora kipya. Mnara wake ulipanda taratibu, ukichukua karibu thuluthi ya sekunde kufika, na ulishuka kama maji yanavyoshuka kwenye glasi. Kijani chake kilikuwa cha jani changa, na juu kilibadilika kuwa rangi ya chungwa, si nyekundu. Taa ya kileleni aliiondoa kabisa. Siku alipokionyesha, watu waliacha chai zao wakaja kusimama nyuma ya kiti chake, na Meneja, ambaye kwa kawaida husifu kwa kunyamaza, alisema kinapendeza.

Mtu mmoja tu hakusema hivyo. Ni Mkaguzi, mama wa makamo mwenye kazi ya kuijaribu programu kabla haijatoka, ambaye alivaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alimwandikia Rula ujumbe mfupi kwenye orodha ya kasoro: kofi la mikono linaanza na kwisha kabla mnara wako haujafika nusu ya safari, kwa hiyo sauti inaweza kupasuka na mnara usijue. Rula aliusoma akacheka. Alimjibu kwamba hajui muziki wa makofi matupu, labda mkutano wa hadhara. Kisha akaandika chini yake, "Itashughulikiwa," akaufunga, na toleo jipya likatoka wiki ileile.

Mtu wa kwanza aliyempelekea alikuwa baba yake mdogo.

Baba Mdogo alikuwa fundi wa kurekodi kwenye studio moja ya mtaa wa pili kutoka sokoni, kwa miaka ishirini na saba, na jina lake la kazi lilikuwa Sikio. Walimpa ujanani, kwa sababu aliweza kukaa chumba cha pili akamwambia mpiga gitaa ni uzi gani umelegea. Watu walikuja studio ile kwa ajili yake. Rula mwenyewe alikulia chini ya meza yake, akichezea nyaya zilizokatika, na kama si ile meza asingejua kuna kitu kinaitwa kipimo cha sauti.

Lakini mwaka uliotangulia, wakiwa wawili tu wanakunja nyaya, Baba Mdogo alimwambia jambo ambalo hata mkewe hakuwa ameambiwa. Alikuwa amekwenda kupimwa. Sauti nene alizisikia kama zamani. Zile kali, nyembamba, zilikuwa zimeondoka, sikio la kushoto zaidi. Alilisema kwa utani, kama mtu anayetaja nywele zake zinavyokimbia. "Siku hizi nasikia kwa macho, mama. Nakiangalia kipimo, nacho kinaniambia. Hilo liishie hapahapa."

Rula aliahidi. Na alipokuwa akimsakinishia programu mpya, alijiona anampa macho mapya.

Kwaya iliyokuja kumwita Baba Mdogo mwezi ule ilikuwa ya wastaafu wa kiwanda cha nguo, watu thelathini na wanane, wanawake wengi na mabesi tisa. Kiongozi wao aliitwa Nyapara, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyapara wa chumba cha kusokotea nyuzi, na kustaafu hakukumwachisha cheo. Walikuwa wameimba miaka thelathini katika ukumbi wa zamani wa kiwanda, wenye dari ndefu na kuta za matofali, ambamo sauti ikitoka haiondoki upesi. Inazunguka, inarudi, inamkuta mwimbaji bado yupo. Ukumbi ulikuwa umeuzwa. Jumatatu ungevunjwa. Jumamosi ilikuwa siku yao ya mwisho, na walimtaka Sikio, si mwingine, aje arekodi, ili hata kama kuta zitaondoka, ule mwangwi ubaki mahali.

Nyimbo zao karibu zote zilikwenda na makofi. Walijifunza hivyo kiwandani, ambako mashine zilipiga kelele kiasi kwamba mdundo uliokupita masikioni ulibidi uuone kwenye mikono ya mwenzako.

Wiki moja baada ya kurekodi, mama yake Rula alimpigia simu saa ya chakula cha mchana, sauti imeshuka. Alimweleza kwamba kwaya imeurudisha muziki. Kila penye makofi sauti inapasuka, kama maji yakidondokea mafuta ya moto, wimbo baada ya wimbo, hakuna hata mmoja uliopona. Ukumbi sasa ni rundo la matofali. Mwenye studio amemwambia Baba Mdogo apumzike kwanza nyumbani. Jumamosi ijayo kwaya itakutana, na wao wakisema hawamtaki tena, basi na studio haitamtaka, maana nani ataleta kazi kwa fundi aliyeharibu kazi ya wazee wa watu. "Wanasema masikio yamekwisha," mama alimalizia. "Miaka yote hiyo, mwanangu, halafu inakwisha kwa aibu."

Jumapili familia ilikula pamoja kama kawaida. Baba Mdogo alikaa mahali pake, akala kidogo, akasifu mboga. Mtoto wa shangazi, ambaye hakuwahi kuona kidonda akakipita bila kukitonesha, alimuuliza kama sasa wambadilishie jina wamwite Pua. Meza nzima ikaangua kicheko, ule wa watu wasiojua wafanye nini kingine, na Baba Mdogo akacheka pamoja nao. Alisema ni kweli, umri umempiga chenga, alizidisha sauti kama mwanafunzi. Ni masikio yake, hana wa kumlaumu.

Rula naye alikuwa amecheka. Baadaye, hicho ndicho kilichomkosesha raha kuliko yote: kwamba kicheko kilikuwa kimemtoka kabla hajafikiri.

Baada ya chakula alimwomba Baba Mdogo amnakilie zile nyimbo, akasingizia kwamba labda zinaweza kusafishwa. Akaenda kukaa chumbani kwa mama yake, akavaa hedifoni, akafungua ya kwanza. Kwenye skrini sauti huonekana kama safu ya milima. Milima hii haikuwa na vilele. Kila penye kofi ilikuwa imekatwa juu, sawasawa, kama ua wa bustani uliopitiwa na mkasi. Mtu hakosei namna hiyo kwa sababu ya masikio tu. Mtu aliyekuwa akiangalia kipimo angeona taa nyekundu katika ubeti wa kwanza, angepunguza, na mengine yangekuwa salama.

Kama taa ingekuwepo.

Alirudi sebuleni. Wote walikuwa pale, ilikuwa nafasi ya kusema. Alisema zimeharibika sana, pole sana Baba. Kisha akaosha vyombo, vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumatatu aliwahi ofisini kabla ya harufu ya rangi. Aliweka wimbo mmoja upite kwenye kipimo chake. Mnara ukapanda kwa madaha hadi katikati, kijani, tulivu, ukashuka, ukapanda, kama mtu aliyelala anavyopumua. Masikioni makofi yalikuwa yakipasuka kama vioo. Alitafuta toleo la zamani kwenye hifadhi, akapitisha wimbo uleule. Taa nyekundu iliwaka sekunde ya nne na haikuzimika tena. Aliona pia jambo jingine, na hilo lilimkalisha. Kwenye kumbukumbu za ile siku, zilizonakiliwa pamoja na nyimbo, Baba Mdogo alikuwa ameongeza sauti mara mbili kabla ya wimbo wa kwanza. Bila shaka aliongeza. Mnara ulimwambia bado kuna nafasi.

Alikwenda kwenye meza ya Mkaguzi akasimama. Akaweka tu kompyuta mbele yake na kupiga wimbo. Mkaguzi aliusikiliza mpaka mwisho, akashusha miwani ya kichwani akavaa juu ya ile ya machoni, akaangalia milima iliyokatwa vilele.

"Wa nani hawa?"

Rula akamweleza. Alieleza mpaka kwenye meza ya Jumapili.

Mkaguzi hakumwambia si nilikuambia. Laiti angesema, ingekuwa nafuu. Alisema kwamba yeye pia angeweza kuufungua tena ule ujumbe, akauacha kwa kuwa jibu la mkutano wa hadhara lilimuudhi, na mtu mzima hapaswi kuudhika akaacha kazi. Kisha akamuuliza swali moja. "Huyo fundi unayemsema, ndiye yule wa slaidi?"

Rula alikuwa ameisahau slaidi. Au alikuwa ameisukumia mahali ambapo haionekani. Siku ya kuzindua toleo jipya, mbele ya kampuni nzima na wageni kutoka studio tatu za mjini, alifungua kwa maneno makubwa meupe kwenye kijani cha jani changa: Kuna fundi mmoja anayesikia kwa macho. Akaeleza jinsi mzee huyo alivyopoteza sauti kali, jinsi anavyokitegemea kipimo, na kwamba kipimo hiki kimechorwa kwa ajili yake. Watu walipiga makofi. Mmoja wa wageni alifuta machozi. Na yeye Rula, kichwa kimevimba, hakukumbuka hata kidogo kwamba alikuwa akigawa siri aliyopewa chini ya ahadi. Na kwamba kitu alichokiita cha fundi huyo, fundi huyo hajawahi kuulizwa kuhusu chochote ndani yake.

Alimwendea Meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akakunja uso, akakubali kwamba kipimo kirekebishwe toleo lijalo na taa irudi. Lakini kwenye maelezo ya toleo alitaka iandikwe "maboresho madogo ya mwonekano." Watu wakisikia kwamba rekodi zao huenda zimeharibika, alisema, watakimbia wote, hata ambao hawana tatizo. Na Rula akumbuke kwamba bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Rula alisema kuna watu huko nje wanaoongeza sauti sasa hivi, muda huu, kwa sababu mnara unawaambia kuna nafasi. Meneja akamwambia atafikiria. Alisema hivyo akiangalia dirishani.

Jumatano, baada ya kazi, jua bado liko juu, alikwenda nyumbani kwa Baba Mdogo. Alimkuta uani amefungua maikrofoni, visehemu vyake vimepangwa juu ya gazeti. Rula aliamkia, akaitikiwa, akaburutiwa kigoda. Akapiga moyo konde.

"Baba, si masikio yako. Ni kipimo. Nilikichora vibaya."

Baba Mdogo aliendelea kusugua kisehemu kwa kitambaa. "Najua."

"Unajua?"

"Niliporudi na zile nyimbo nikatoa kile kipimo changu cha mshale mwepesi, cha enzi zile. Nikapitisha. Mshale ukagonga ukuta." Akapuliza vumbi. "Nikajua."

"Sasa mbona ulikubali? Jumapili, mbele ya watu wote?"

Alichukua kisehemu kingine. "Mwezi mzima natembea mtaa huu nikimwambia kila anayenisalimia kwamba kile kipimo kachora mwanangu. Mpaka muuza vocha anajua. Ningeanzia wapi, mama?"

Rula alilia, na hakujificha. Baba Mdogo alimwacha amalize, akamsogezea kile kitambaa, akaona ni kichafu, akakirudisha. Akamwambia kwa upole kwamba mambo yatapita, na tena hana haja ya kwenda kusema popote. Akisema ni kipimo, mtu mwenye akili atauliza: na hedifoni alivaa za nini? Hapo siri itatoka. Bora wamwone fundi mzee aliyekosea siku moja kuliko fundi kiziwi aliyewadanganya miaka miwili.

Ilikuwa rahisi kuishia pale. Alikuwa amesema, amesamehewa, ameombwa anyamaze. Lakini palikuwa na kitu kimebaki kifuani.

"Baba, ile habari ya kusikia kwa macho. Niliisema kazini. Kwenye wasilisho. Mbele ya watu."

Mkono wenye maikrofoni ukasimama.

"Jina ulitaja?"

"Hapana. Nilisema fundi mmoja."

"Wakafanyaje?"

Alitamani adanganye. "Wakapiga makofi."

Baba Mdogo aliinamisha kichwa. Alianza kurudisha visehemu kimoja kimoja ndani ya maikrofoni, akakosea mpangilio, akavitoa, akaanza upya. Mkewe alipotokeza mlangoni kuuliza kama mgeni atakaa kula, alijibu yeye, akasema mgeni ana haraka. Katika maisha yake yote Rula hakuwahi kuitwa mgeni kwenye nyumba ile.

Aliondoka. Njiani alipita kituo chake bila kujua, akatembea mpaka viatu vikamchubua.

Ijumaa asubuhi simu iliita. Baba Mdogo hakumsalimia kwa utani kama kawaida yake. Alimwambia kwamba amefikiri. Kesho anakwenda kwa kwaya. Kama Rula anataka kuja kusema la kipimo, aje. La masikio amwachie mwenyewe. "Lile ni langu," alisema. "Ulishalisema mara moja. Safari hii nitalisema mimi."

Kwaya ilikuwa imehamia kwenye darasa la shule moja, lenye dari ya chini na mapazia mazito. Chumba kilimeza sauti. Hata salamu zilianguka karibu na miguu ya aliyezitoa. Wastaafu walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, mabesi tisa wamebanana nyuma kama wanafunzi waliorudia darasa. Mwenye studio alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, amekunja mikono. Nyapara alisimama ubaoni: mwanamke mfupi, mnene, mwenye mikono mikubwa ya kazi.

Rula alisimama mbele akaeleza. Hakutumia slaidi. Aliwapigia kipande cha wimbo wao, mnara wake ukipanda na kushuka kwa utulivu, kisha kipande kilekile na taa nyekundu. Aliwaambia kwamba alionywa, kwamba alikejeli onyo, na kwamba Baba Mdogo, aliyekaa pale nyuma, alifanya kazi yake kama kipimo kilivyomwambia. Chumba kile hakikumsaidia, hakikurudisha kitu. Wanawake wa mstari wa mbele walimwangalia mikono, si uso.

"Kwa hiyo uliondoa taa kwa sababu haipendezi," Nyapara alisema.

"Kwa sababu inawatia watu wasiwasi."

"Mimi chumba changu cha nyuzi kilikuwa na taa nyekundu juu ya kila mashine. Ilinitia wasiwasi miaka thelathini na moja." Aliinua mikono yote miwili, akaigeuza upande huu na huu. "Vidole kumi. Vihesabu."

Kicheko kidogo kilipita, kikafa. Nyapara hakucheka. Aligeuka kwa Baba Mdogo. "Haya, kipimo kimekudanganya. Na wewe, Sikio? Ulikuwa na yale madude kichwani siku nzima. Hukusikia?"

Rula alijua jibu ambalo lingemwokoa Baba Mdogo. Angesema tu kwamba ukumbi ulikuwa na mwangwi mkubwa, kwamba kwenye hedifoni mipasuko hufichika. Nusu yake ilikuwa kweli. Neno lilimfika ulimini akalimeza, kwa kuwa Baba Mdogo alikuwa ameshasimama.

Alisimama akiwa ameshika kofia. Alisema hakusikia. Alieleza tangu lini, sikio lipi, na kwamba alificha kwa kuogopa kukosa kazi, na kuogopa zaidi kukosa jina. Alisema walimwita wao wakidhani wanamwita Sikio, na yeye akaja akijua siye. Kwa hilo aliomba radhi. Halafu akaketi, na dawati likalia.

Mwenye studio alifungua mikono akaikunja tena. Besi mmoja wa nyuma, mzee mwenye ndevu nyeupe, alisema ghafla kwamba na yeye hasikii. Miaka sita sasa anaimba kwa kumwangalia Nyapara mdomo. Mwenzake wa pembeni akasema hata yeye, zile mashine zilimaliza masikio ya chumba kizima, nani hapa anasikia mluzi wa birika? Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kama wanaojibu mwalimu. Nyapara aliiangalia, ikafika kumi na saba. Wa kwake haukuinuka, lakini alijikuna shingo.

"Ukumbi haurudi," alisema. "Hilo tusidanganyane. Kila mtu humu anao moyoni, na sasa utabaki humohumo." Akamgeukia mwenye studio. "Lakini fundi wetu ni huyu. Mletee mtu wa kumsikilizia zile kali, basi. Mbona sisi tuna mtu wa kumshika mkono besi wa tatu asianguke jukwaani?"

Mwenye studio akasema wataona. Nyapara akamwambia kwamba yeye hakuwa akiuliza. Mwenye studio akasema sawa.

Rula alidhani yeye amemalizana nao. Alianza kufunga kompyuta. Kabla hajaifunga, aliwaambia jambo la mwisho, kwa sababu aliona asipolisema pale hatalisema popote: kwamba Jumatatu atamwandikia barua kila mtumiaji wa toleo lile, aeleze kasoro kwa jina lake, kwamba Meneja hajakubali, na kwamba atamwonyesha barua kwanza kabla ya kuituma, asije akasema hakuambiwa. Kama ataipoteza kazi, ataipoteza. Alilisema bila ushujaa wowote. Mwanamke mmoja wa mbele alimuuliza kama mama yake anajua. Akasema bado. Mwanamke akatikisa kichwa, akasema basi aanze na mama.

"Wewe binti," Nyapara aliita. "Umewahi kupiga makofi?"

Rula hakuelewa. Nyapara alimvuta kwa kiwiko akamsimamisha katikati ya mstari wa pili, kati ya wanawake wawili waliokuwa wakinukia sabuni na karafuu za kutuliza meno. Baba Mdogo aliinuka bila kuambiwa, akatoa maikrofoni yake mfukoni, akaifunga kwenye kinara alichokuja nacho, akafungua kile kipimo cha mshale juu ya dawati. Waliimba wimbo mfupi, ule wa kupasha koo. Makofi yalimpita Rula kama mvua ya mawe. Alipokuwa bado anakutanisha viganja, wenzake walikuwa wamefika mbali. Mstari mzima ulimcheka waziwazi. Nyapara akasimamisha kwaya ya watu thelathini na wanane kwa kidole kimoja, akamfundisha peke yake, mbele ya wote, viganja vikavu, vidole vimefunguka, pigo moja na kuachia. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Uso wa Rula uliwaka, viganja vikawaka, na hapakuwa na mahali pa kujificha.

Alimtafuta Baba Mdogo kwa macho. Hakuwa akimwangalia. Alikuwa ameinama juu ya mshale wake, hedifoni kichwani, akipunguza kidogo, akipunguza tena, uso wake haujamfungukia bado na huenda usingefunguka wiki ile wala mwezi ule. Kisha akainua mkono juu, bila kugeuka, ishara ya fundi kwa waimbaji wote kwamba yuko tayari, waanze.

Rula akaachanisha viganja, akangoja pamoja na wengine.